MTOTO MDOGO HUIGA ANACHOKIONA: WAZAZI WANAMICHEZO NA AFYA YA WATOTO WAO

(Hotuba hii ilisomwa na timu ya afya mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia katika siku yao ya mafunzo. Tunaichapa kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kutuma mjumbe. Isomeni pamoja, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.)



Tunajua mmeacha kazi nyingi nyumbani. Kuna maziwa ya kupeleka, kuna palizi, na wengine wenu mna mkutano wa meri-go-raundi jioni hii hii. Kwa hivyo hatutazunguka sana.

Tumeombwa tuzungumze juu ya wazazi waliowahi kuwa wanamichezo, na vile watoto wao wadogo wanavyopata mazoea ya afya kutoka kwao. Katika vikundi vyenu watu hao wako. Kuna mama aliyekimbilia shule yake mpaka mashindano ya mkoa, wakati mikoa ilikuwa bado iko. Kuna baba aliyekuwa golikipa wa timu ya kiwanda. Kuna waliocheza netiboli na voliboli. Na wako wengi, pengine ndio wengi zaidi hapa, ambao hawakucheza kitu chochote isipokuwa wakati wa kipindi cha mazoezi shuleni, tena kwa kulazimishwa. (Watu wakacheka.) Hotuba hii ni ya wote hao.

Jambo tunalotaka mwende nalo nyumbani ni moja. Mtoto mdogo hawezi kurithi medali ya babake wala sifa za mamake. Anachochukua ni yale anayoyaona mzazi akifanya leo na kesho na kesho kutwa. Kwa hivyo aliyekuwa bingwa zamani anaweza kumwachia mtoto wake mazoea mabaya, na yule ambaye hakuwahi kugusa mpira anaweza kumwachia mazoea mazuri sana. Sasa tueleze.

DAMU AMA MAZOEA?

Mtu akisikia mtoto wa fulani anakimbia vizuri, jibu liko mdomoni: "Ni damu hiyo, babake alikuwa hivyo hivyo." Wahenga nao walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Hatuwezi kusema damu haina kazi. Urefu wa miguu na umbo la mwili mtoto huyapata kwa wazazi kabla hajazaliwa. Lakini kulala mapema hakumo ndani ya damu. Kunywa maji badala ya soda, kupenda kutembea, kunawa mikono, kushindwa bila kurusha mawe, hayo yote hufunzwa. Na darasa la kwanza ni nyumbani.

Hebu tuangalie nyumba mbili ambazo Wakenya wengi wanazifahamu.

Ya kwanza ni nyumba ya Mzee Daniel Rudisha, upande wa Kilgoris. Mwaka 1968, katika Olimpiki kule Mexico, alikuwa mmoja wa vijana wanne waliotuletea medali ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti, kila mmoja mita 400. Mkewe pia alikuwa mkimbiaji. Mwana wao David alizaliwa mwaka 1988, yaani miaka 20 baada ya medali ile. David amesimulia mara nyingi jinsi ile medali ya babake ilivyomtia hamu tangu utotoni. Mwaka 2012 kule London alishinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akaweka rekodi ya dunia, na mwaka 2016 kule Rio akashinda tena.

Lakini sikilizeni vizuri. Mafunzo yenyewe ya mita 800 yalikuja baadaye, David akiwa kijana wa shule ya upili. Aliyemshauri akimbie umbali huo ni Bruda Colm O'Connell, mwalimu kutoka Ireland aliyefika Iten mwaka 1976. Nyumbani alipata hamu na mfano. Ufundi aliupata kwa mwalimu, wakati wake ulipofika.

Nyumba ya pili ni ya Noah Wanyama, aliyechezea AFC Leopards. Mwanawe McDonald Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan ya Italia kilichotwaa kombe la mabingwa wa Ulaya mwaka 2010. Ndugu yake Victor Wanyama alijiunga na Southampton mwaka 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kaka yao Thomas pia akacheza soka. Lakini dada yao Mercy akachagua mpira wa kikapu. Baba ni wa soka, binti ni wa kikapu! Maana yake ni kwamba kilichopita kutoka kwa mzazi kwenda kwa watoto hakikuwa mchezo mmoja. Katika nyumba kama hiyo mtoto hukua akijua kwamba kuutumia mwili ni jambo la kawaida, kama kula.

Sasa msituelewe vibaya. Hatuwaambii kwamba kila mtoto wa hapa atakwenda Olimpiki. Wengi hawatakwenda, na si hasara. Tunazungumza habari ya mtoto atakayekua na moyo wenye nguvu, mifupa imara na usingizi mzuri, na ambaye akifika miaka 40 hatakuwa na kiroba cha dawa za presha na sukari. Nyinyi wenyewe mnajua hali ilivyo. Tangu wahudumu wa afya ya jamii walipopewa mikoba yao mwaka 2023, yenye vipimo vya presha na sukari, kuna watu wamepimwa mlangoni kwao na kushangaa. Walidhani magonjwa hayo ni ya matajiri wa Nairobi. Sasa yako kijijini.

KIPIMO HAKIULIZI HABARI ZA ZAMANI

Kule Marekani kuna mji unaoitwa Framingham, ambako madaktari wamekuwa wakifuatilia afya ya moyo ya wakazi tangu mwaka 1948. Mwaka 1991 ilichapishwa taarifa ya watoto 100 wa huko, wenye umri wa miaka 4 mpaka 7, pamoja na wazazi wao. Wote walivishwa kifaa kidogo kinachohesabu mwendo wa mwili. Baadaye hesabu zikalinganishwa.

Watoto ambao mama zao walikuwa watu wa kujishughulisha na mwendo, walikuwa na nafasi mara 2 ya kuwa hivyo wenyewe kuliko watoto ambao mama zao walikaa tu. Baba akiwa mtu wa mwendo, ilikuwa mara 3 na nusu. Na wazazi wote wawili wakiwa hivyo, ilikuwa karibu mara 6.

Hesabu hiyo ni ya mji mmoja wa Marekani, tena haisemi kila kitu, kwa sababu watu wa nyumba moja wana damu moja na sufuria moja. Lakini angalieni jambo hili: kile kifaa hakikumuuliza baba, "Je, ulikuwa bingwa mwaka gani?" Kilihesabu alivyotembea siku hizo hizo alizokivaa. Mtoto naye ndivyo alivyo. Yeye hakukuwepo siku ulipofunga mabao matatu. Yupo leo, anakutazama.

Na kina baba, mmesikia hiyo ya mara 3 na nusu? Kuna wanaume wanaosema kulea watoto wadogo ni kazi ya mama, baba ni wa karo. Kumbe hata yule wa miaka minne anakuangalia wewe.

MTOTO ANAHITAJI KIASI GANI?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya watoto walio chini ya miaka 5. Tumeufupisha hivi:

(a) Mtoto mchanga ambaye bado hajaanza kutambaa, alazwe kifudifudi akiwa macho, mtu akimwangalia, kwa vipindi vidogo vidogo vinavyofika jumla ya dakika 30 kwa siku. Hii humpa nguvu ya shingo na mabega. Wakati wa kulala usingizi alazwe chali.

(b) Mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 4, awe katika mwendo wa namna yoyote kwa dakika 180 kwa siku, yaani saa tatu. Si kwa mfululizo. Ni kutembea, kupanda, kuruka, kusukuma kigari chake. Akifika miaka 3, katika hizo saa tatu angalau saa moja iwe ya kukimbia mpaka apumue kwa nguvu.

(c) Mtoto asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja kwa mara moja, iwe ni mgongoni ama kwenye kiti.

(d) Mtoto wa miaka 3 na 4 alale saa 10 mpaka 13. Wa mwaka 1 na 2 alale saa 11 mpaka 14. Hapo usingizi wa mchana pia unahesabiwa.

(e) Simu na televisheni: asiyefika miaka 2 asipewe. Wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi.

Mama mmoja alituambia, "Hizo saa tatu mtoto wangu anazimaliza kabla ya saa nne asubuhi." Ni kweli. Mtoto wa kijijini akiachiliwa, anatosheka. Taabu ni kwamba siku hizi haachiliwi. Asubuhi anapakiwa kwenye boda boda na wenzake watatu kwenda nasari iliyo mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Huko anaketishwa kwenye benchi akiandika mpaka mchana. Akirudi, analia kidogo, anapewa simu anyamaze. Na kile kiwanja walichochezea wakubwa wake kimegawanywa ploti. Jumlisheni wenyewe, zile saa tatu ziko wapi?

YA KUIGA KUTOKA KWA MWANAMICHEZO

Mtu aliyewahi kuwa kwenye timu ana mambo aliyofundishwa na kocha. Hayo hata sisi wengine tunaweza kuyaazima.

Kwanza, kulala kwa saa. Mkimbiaji anajua kwamba mwili hujengwa usiku. Nyumbani kwake taa huzimwa mapema. Mtoto wa miaka minne anayelala saa mbili usiku na kuamka saa kumi na mbili na nusu amepata saa 10 na nusu, kiasi kinachotosha. Yule anayekesha na wakubwa mpaka saa tano, akingoja kipindi kiishe, asubuhi hana hamu ya uji wala ya kucheza.

Pili, chakula cha kawaida kilicho kamili. Wakimbiaji wetu mashuhuri wa Bonde la Ufa hawakulelewa kwa vyakula vya dukani. Walikula ugali, maharagwe, sukuma wiki, maziwa na mursik. Vitu hivyo viko hapa. Mtoto apate maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi huku akila chakula kingine. Yai la kuku wako mpe mtoto, usiliuze ukanunue krisps. Chai ya vijiko vinne vya sukari, na soda kila Jumapili, zinamfunza ulimi wake kukataa maji.

Tatu, kiu ni ya maji. Mchezaji akitoka uwanjani huomba maji. Mtoto akikuona unateka kikombe cha maji yaliyochemshwa na kunywa kwa furaha, naye ataomba. Ukifungua soda, ataomba soda. Usimlaumu.

Nne, kuanguka na kuinuka. Mwanamichezo amewahi kushindwa mara nyingi, na anajua kwamba kesho kuna mechi nyingine. Mtoto wake akianguka, huangalia kama ameumia, humfuta vumbi, humwacha aendelee. Mzazi mwingine hupiga kelele: "Nilikuambia utulie!" Basi mtoto anajifunza kwamba kukimbia ni kosa.

Tano, kucheza pamoja. Hili ndilo kubwa. Dakika ishirini baba akirusha mpira na mtoto wake kabla ya giza zinazidi hadithi kumi za mabao ya zamani. Mpira wenyewe hauna gharama. Wengi wetu hapa tulicheza ule wa karatasi za nailoni. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku mwaka 2017, watoto wanatumia matambara, soksi kuukuu na kamba ya mkonge. Unadunda kidogo, lakini unapigika!

YA KUACHA UWANJANI

Sasa tuseme ukweli mwingine. Si kila kitu cha mwanamichezo kinafaa kuingizwa nyumbani.

Kuna mzazi ambaye hakufika alikotaka kufika, sasa anataka mtoto amalizie safari yake. Mtoto ana miaka mitano, anaamshwa alfajiri kukimbizwa barabarani, na saa inashikwa mkononi. Akichoka anaambiwa yeye ni mvivu, wenzake wanamshinda. Ndugu zetu, huyo si mchezaji bado. Ni mtoto. Mwili wake unataka kucheza michezo mingi mbalimbali: kati, blada, brikicho, kuruka kamba, kupanda mwembe. Ukimlazimisha mchezo mmoja mapema, mara nyingi anauchukia kabla hajafika darasa la nne, na pengine anaumia. Mkumbukeni David Rudisha: mita 800 zilimngoja mpaka akawa kijana.

Kuna tena sherehe za timu. Timu ikishinda, pombe. Ikishindwa, pombe ya kujifariji. Mtoto anayemngojea baba mlangoni anaona, na anaweka akilini kwamba mchezo na chupa ni ndugu. Hayo nayo ni mazoea yanayorithiwa bila damu.

Na kuna matusi ya uwanjani. Anayemtukana refa mbele ya mtoto asishangae mtoto akimtukana mwalimu.

MEDALI UKUTANI

Tuje kwa aliyeacha. Hili ni gumu kidogo kusema, lakini tuko nyumbani.

Mchezaji akiacha mazoezi, mara nyingi sahani yake haiachi. Anaendelea kula kama mtu wa kukimbia kilomita ishirini, na siku nzima ameketi dukani ama kwenye pikipiki. Uzito unapanda, presha inafuata. Jioni anawasimulia watoto alivyokuwa akiruka. Watoto wanaangalia picha ukutani, halafu wanamwangalia baba kwenye kochi. Wataamini nini? Wataamini kwamba michezo ni kitu cha ujana, mtu akioa anakiacha.

Kwa kina mama ni hivyo hivyo. Msichana alikuwa nyota wa netiboli, ameolewa, amejifungua, watu wanamwambia yaliyopita yamepita. Nani kasema? Faith Kipyegon alishinda mita 1500 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2018 akajifungua mtoto wa kike. Mumewe, Timothy Kitum, naye ni mkimbiaji. Ndiye aliyepata medali ya shaba katika zile mita 800 za London ambazo Rudisha alishinda. Wengine walifikiri mama amemaliza. Akarudi, akashinda tena katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, na tena Paris mwaka 2024. Kabla yake Catherine Ndereba alijifungua binti mwaka 1997, kisha akashinda marathoni ya Boston mara nne, kuanzia mwaka 2000 hadi 2005.

Hatusemi kila mama wa hapa akimbie Boston. Tunasema mtoto wa kike anayemwona mamake akicheza netiboli Jumamosi moja kwa mwezi, hatahitaji kuambiwa kwamba wasichana pia wanacheza. Na kucheza kwa mama kunahitaji mtu wa kushika mtoto. Hapo, baba na nyanya, mnatakiwa.

SISI AMBAO HATUKUCHEZA

Tulipozungumza haya katika mikutano mingine, mama mmoja alisimama akasema: "Nyinyi mnaniambia nifanye mazoezi? Nimeamka saa kumi na moja, nimekwenda mtoni mara mbili, nimelima, nimebeba kuni. Mazoezi gani tena?" Kina mama wote wakapiga makofi, na wakawa na haki.

Mama huyo hahitaji mazoezi zaidi. Anahitaji kupumzika, na anahitaji mtu wa kumsaidia ndoo. Lakini tukamwuliza: mtoto wako wa miaka minne anakuwa wapi unapokwenda mtoni? Akasema anabaki na dada yake, wanaangalia simu. Tukamwomba siku ambazo hana haraka amchukue, atembee kwa miguu yake, na kibuyu chake kidogo kisicho na uzito. Njiani amwonyeshe ndege, amwache aruke mitaro. Kazi ni ile ile ya mama, lakini mtoto amepata mwendo, amepata mazungumzo, na amejifunza kwamba kwao watu hutembea. Huo ni mchezo tosha. Mtoto huyo hana mzazi bingwa, lakini ana mfano mbele yake.

Tuongeze onyo moja. Kibuyu kidogo ni mchezo, lakini mtungi wa lita 20 mgongoni mwa msichana mdogo ni mzigo. Na mara nyingi kijana anaachwa acheze mpira, msichana wa umri ule ule anaosha vyombo na kubeba mtoto. Akikua bila kucheza, tusiseme wasichana hawapendi michezo.

Vilevile tusimsahau mtoto mwenye ulemavu. Naye anataka kurusha mpira, kutambaa kwenye nyasi, kusukumwa mbio kwenye kigari chake. Kumfunika ndani si kumhurumia.

KAZI YA KIKUNDI

Haya mambo yanaweza kufanywa na nyumba moja moja, lakini kikundi kina nguvu zaidi. Tunapendekeza mambo matano.

1. Hesabuni waliowahi kucheza. Katika mkutano ujao kila mtu aseme alicheza nini. Wawili ama watatu kati yao waombwe kukaa na watoto wadogo saa moja kila Jumamosi. Wacheze tu, wasifundishe mbinu. Wawe na kamba, mpira wa matambara na maji ya kunywa.

2. Watoto watembee kwenda nasari. Kama shule si mbali, mzazi mmoja kwa zamu awaongoze kumi pamoja kwa njia iliyo salama. Pesa za boda boda zinazobaki zinaweza kununua maharagwe ama mayai.

3. Zungumzeni na mwalimu wa nasari. Mwulizeni watoto wanatoka nje mara ngapi kwa siku. Msimlaumu, mara nyingi ni wazazi wanaotaka daftari lijae maandishi.

4. Lindeni kiwanja. Hili ni la haraka. Kama bado kuna kipande cha ardhi ya umma ambacho watoto wanachezea, kikundi kijue kimeandikwa kwa jina la nani, na kikiwa cha shule, kamati ya shule iombwe ihakikishe kina hati. Ploti ikishauzwa, kuirudisha ni kesi ya miaka. Vikundi vingi vina akiba ya kununua mahema na viti vya kukodisha. Je, hamwezi kutoa nguvu kidogo kwa ua wa kiwanja?

5. Mikutano yetu iwe mfano. Tukikutana, soda na mandazi ndiyo heshima ya mgeni. Watoto wako mgongoni na miguuni petu, wanaona. Tujaribu uji wa wimbi, ndizi, viazi vitamu, njugu. Mgeni hatakufa.

Kwa nini tuanze na wadogo? Kwa sababu samaki hukunjwa angali mbichi. Mtu wa miaka 50 kumwambia aache sukari ni vita. Mtoto wa miaka mitatu hajui vita hiyo. Yeye anajua tu kwamba kwao hunywa maji, hulala mapema, na jioni baba hucheza naye.

Wale mliocheza zamani, msidhani kazi yenu imekwisha kwa sababu magoti yanauma. Mna elimu ambayo kijiji hakikuilipia. Itoeni. Na wale ambao hatukucheza, tusijifiche nyuma ya maneno "sisi hatuna damu hiyo." Leo jioni kabla ya giza, kila mmoja achukue mtoto wake, ama mjukuu, ama wa jirani, atembee naye mpaka mwisho wa shamba na kurudi. Kesho arudie.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni nani aliyewahi kucheza? Ni mazoea gani mazuri ambayo bado anayo, na ni yapi ameyaacha?

2. Mtoto wa miaka 4 katika kijiji chetu anakaa saa ngapi, anacheza saa ngapi, na analala saa ngapi? Wazazi watatu wajitolee kuhesabu kwa siku moja na kuleta majibu.

3. Je, wasichana wetu wadogo wanapata muda wa kucheza sawa na vijana? Kama hapana, ni kazi gani tunaweza kuwapunguzia?

4. Watoto wetu wanachezea wapi? Mahali hapo ni pa nani, na miaka kumi ijayo patakuwa na nini?

5. Tutaanza na jambo lipi kati ya yale matano, nani atasimamia, na tutaangalia maendeleo lini?